Kitanda cha Fundi Sanduku

Hospitali ilipohama, haikumuaga Fundi Sanduku. Aliona malori yakiingia matupu kwa lango la nyuma na kutoka yamebeba magodoro, mizani na makabati ya chuma, akadhani wanataka kupaka wodi rangi. Alipovuka barabara kwenda kuuliza, mlinzi alikuwa anafunga mnyororo langoni.

"Wamekwenda wapi?"

"Upande wa pili wa mji, Fundi. Jengo jipya, ghorofa." Mlinzi alimjibu akitazama kufuli, maana watu wengi wa mtaa ule walikuwa na desturi ya kutomtazama Fundi usoni. "Na huko nasikia kuna kampuni imepewa chumba humo humo ndani. Wanauza masanduku yanayong'aa kama magari."

"Yanayong'aa!" Fundi akasema. "Yakishafukiwa yatang'aa wapi?"

Banda lake lilikuwa limetazamana na lango lile tangu alipolipanga. Kila mara ndugu wa marehemu alitoka akifuta machozi, akavuka barabara, akamkuta Fundi amekwisha kusimama. Hakuwahi kutangaza biashara. Hata jina hakulitafuta, watu walimbandika wenyewe, kwa sababu jeneza ni neno zito kulitamka kabla ya kula, wakaona bora waseme sanduku. Mkewe, ambaye alishona vitambaa vyeupe vya ndani na vimito vya kuegemeza kichwa, wakamwita Mama Mito. Walikula, wakavaa, wakasomesha. Watoto wakubwa walikwisha kuolewa na kuoa, nyumbani alibaki binti wa mwisho, aliyekuwa kidato cha tatu kwa masomo na kidato cha sita kwa mdomo.

Wiki ya kwanza baada ya lori la mwisho hakuja mtu. Ya pili alikuja mtu mmoja kuulizia njia ya kwenda hospitali mpya. Masanduku yaliyokwisha kupakwa vanishi yalisimama ukutani, na vumbi likaanza kuyakalia.

"Watu hawaachi kufa," Fundi alimwambia mkewe.

"Hawaachi," Mama Mito akasema, akikata uzi kwa meno. "Ila wameacha kufia hapa."

"Tuvute subira. Mungu si Athumani."

"Si Athumani, najua. Lakini mwenye banda namjua pia. Amesema ikifika mwisho wa mwezi hatujalipa, anampangisha mtu wa vifuniko vya simu."

Fundi akafumba macho aombe. Alikuwa mtu wa ibada, tena ibada yake haikuwa ya mchezo, lakini kwa kazi yake maombi yalikuwa na shida yake. Angemwambiaje Mungu amletee wateja? Riziki yake ilikuwa msiba wa mwenzake, kwa hiyo miaka yote alizoea kuomba kwa kuzungukazunguka. Alisema, "Ee Mungu, unanijua mja wako, na unayajua mahitaji yangu," kisha akaishia hapo haraka asije akasikika anamtaja jirani.

"Baba," binti yake alimuuliza siku moja alipomkuta amefumba macho pale bandani, "hivi unaomba nini hasa?"

"Riziki."

"Ya nani?"

"Nenda kasome," Fundi akamwambia.

*

Wazo la vitanda lilikuwa la Mama Mito. Alilitoa wakati wa chakula, akijua mumewe hawezi kuondoka kabla ya kumaliza sahani.

"Mbao ni mbao," alisema. "Randa ni ileile, msumari ni uleule. Tutengeneze vitanda."

"Mimi?" Fundi akaweka kijiko chini. "Mtu mzima kama mimi nianze kujifunza kazi ya vijana? Mti mkavu haukunjiki, mama watoto."

"Nani kasema ujifunze? Kazi yako si kulaza watu? Endelea kuwalaza. Tofauti ni moja tu, hawa wa sasa asubuhi watataka chai."

Binti alicheka mpaka akapaliwa. Fundi alijitahidi kununa lakini tabasamu likamponyoka pembeni mwa mdomo, na Mama Mito akajua hapo amekwisha kushinda nusu.

Walianza na kibao. Juu ya banda kulikuwa na maandishi ya zamani, MAJENEZA BORA KWA SAFARI YA MWISHO. Fundi alipanda ngazi na mabaki ya rangi nyeupe yaliyokuwa yanaanza kuganda koponi, akakwangua neno la kwanza, na mahali pake akaandika lingine kwa herufi kubwa. Rangi ikaishia hapo. Alisema atamalizia kesho.

Kabla kesho haijafika, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kusoma. VITANDA BORA KWA SAFARI YA MWISHO. Wateja wa kinyozi wa banda la jirani walitoka nje na vichwa vilivyonyolewa nusu, mashuka yakiwa bado shingoni, wakasimama barabarani wanashikana mabega kwa kicheko. Mmoja alimuuliza Fundi kama mtu akinunua anapewa na shada la maua. Fundi alirudi ngazini na mkaa akafuta yale mengine yote, akabaki amesimama juu kule muda mrefu kuliko kazi ilivyodai, kwa sababu hakutaka kushuka.

Kibao hakikuwa tatizo pekee. Alikuja mama mmoja akasifia kiti kidogo kilichowekwa mlangoni, akauliza bei, akapunguziwa, akafungua pochi. Kisha macho yake yakaenda ndani ukutani. Akakumbuka ameacha sufuria motoni. Akaja kijana mmoja kutaka meza. Huyo alipotambua ni kwa nani, alisema atarudi na kaka yake, wala hakurudi, na kaka hakuonekana. Hata salamu za Fundi zilikuwa na matatizo. Fundi akikuuliza, "Vipi hali, mzee wako anaendeleaje?" unajiuliza anauliza kwa upendo au anataka kununua mbao.

"Wananiogopa," alimwambia mkewe. "Wanaona nikigusa kitu basi nimekitia nuksi."

Mama Mito akageukia kapu lake. Mito aliyoshona ilikuwa imerundikana kapuni, mikubwa, minene, ya watu wazima, na hata mmoja haukuwa umeuzwa. Alichukua mwingine akaanza kuujaza pamba.

*

Aliyethubutu alikuwa Kinyozi. Alikuwa anaoa, hakuwa na kitanda, na vitanda vya madukani aliviona ni ghali tena vyepesi.

"Mimi nimekishika kichwa chako miaka mingapi, Fundi?" alisema. "Sijafa. Nitengenezee tano kwa sita. Ila bibi harusi asijue kimetoka kwako mpaka alale siku mbili tatu, azoee."

Fundi alimtupia jicho moja, kutoka utosini mpaka kwenye kandambili.

"Usinitazame hivyo!" Kinyozi akaruka. "Tumia futi kama watu!"

"Nimeshamaliza," Fundi akasema, akaandika kitu kwenye kipande cha mbao.

Siku zile alifanya kazi kwa furaha aliyokuwa ameisahau. Alichagua mbao zisizo na fundo. Matendegu, ile miguu ya kitanda, aliyachonga kwa patasi mpaka yakawa na mikunjo kama shingo ya mtungi. Mchago, ule ubao wa kichwani, aliupiga msasa hadi mkono ulipita juu yake kama kwenye maji. Na jioni moja, akiwa peke yake na maranda yamemfika kwenye vifundo vya miguu, aliomba kwa sauti bila kuzungukazunguka: "Mungu wangu, niletee wateja, na uwape umri mrefu." Akajisikia mwepesi mwili mzima. Hakuwahi kujua kuwa mtu anaweza kuomba riziki kwa moyo mmoja namna ile.

Kitanda kilipelekwa siku ya pili baada ya harusi, mchana kweupe. Waliingiza vipande, wakaviunganisha chumbani, Fundi akagonga chaga ya mwisho na kurudi nyuma kukitazama. Aliona ni kizuri. Kinyozi akaona ni kizuri. Bibi harusi, mikono ikiwa bado na hina, akatandika godoro, akaleta shuka jipya, akalichomeka kichwani, akaja miguuni.

"Mume wangu," akasema. "Mbona huku shuka linabaki?"

"Livute tu."

"Nimelivuta. Na godoro linaning'inia pembeni." Akainama, akachungulia. "Hiki kitanda kinakwenda wapi?"

Kinyozi akasogea. Akatazama kichwani, akatazama miguuni, akarudi kichwani.

"Kina nini?" Fundi akauliza, maana yeye kwa haki ya Mungu hakuona kitu. Aliona umbo lililonyooka kama alivyolijua maisha yake yote. Ni pale tu alipotoa futi mfukoni na kupima ndipo jasho lilipomtoka. Kichwani kilikuwa tano kamili. Miguuni kilikuwa nne kasoro. Chaga zote alikuwa amezikata kwa mikono yake, kila moja fupi kidogo kuliko iliyoitangulia, pana mabegani, nyembamba nyayoni, na mikono haikumwambia kitu.

Bibi harusi alitazama kitanda, akatazama penseli iliyokuwa sikioni kwa Fundi, kisha akamkumbuka. Alikwisha kumwona, siku walipomzika baba yake mdogo.

"Huyu si Fundi Sanduku?"

Kelele aliyoipiga iliwaleta majirani wa nyumba tatu.

Kitanda kilirudi siku ileile. Kinyozi hakutaka kukifungua vipande tena, mkewe alikuwa analia na hakukuwa na wakati. Wanaume wanne walikibeba mabegani kikiwa kizima, na kwa kuwa bibi harusi alikataa hata shuka lile libaki ndani, walikifunika nalo. Walipotokea barabarani, mwendesha baiskeli alishuka. Mzee mmoja alivua kofia, akaiweka kifuani. Gari lililokuwa nyuma yao lilipunguza mwendo, likawafuata polepole, na nyuma yake likajipanga lingine. Fundi alitembea mbele, kichwa chini, na kila aliyemwona alimpa pole.

"Asante," alijibu, kwa sababu hakujua la kujibu.

*

"Kazi yangu haijawahi kurudi," alimwambia Mama Mito walipofika. "Tangu nianze kazi hii. Haijawahi kurudi hata moja."

Mama Mito aliuma midomo. Alijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake wote, mabega yakaanza kumtikisika, na mwisho akaangua kicheko akakaa chini kwenye maranda.

"Cheka," Fundi akasema. "Cheka tu. Mumeo amekuwa kichekesho cha mji na wewe uongoze." Akachukua shoka.

Hapo kicheko kiliisha. Mama Mito aliinuka akasimama kati ya shoka na kitanda.

"Hukipasui."

"Ni kuni hiki. Angalau tutapikia."

"Tutapikia nini? Hukipasui, nimekwambia. Chetu wenyewe pale nyumbani kinasimama kwa matofali. Seremala mzima, mwaka wa ngapi huu analalia matofali?"

"Kinyozi hajinyoi."

"Basi leo utanyolewa. Tunakipeleka nyumbani."

Fundi alishusha shoka. Alimtazama mkewe, akatazama kitanda, na alichokisema alikisema kwa sauti ndogo sana. "Silali humo mimi."

"Humo? Kitandani watu wanalala juu, baba watoto."

"Silali."

Mama Mito akauliza, bila ukali, "Wewe mwenyewe uliyekitengeneza unakiogopa. Unataka nani akinunue?"

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa amekasirikia mtaa mzima kwa kuogopa mikono yake, kumbe mwoga wa kwanza alikuwa yeye. Aliona aibu kuliko ile ya barabarani. Wakashikana, yeye na mkewe mbele, binti na Kinyozi nyuma, wakakiingiza nyumbani, na kile cha matofali wakakitoa nje.

Alilala amekakamaa pembeni kama mgeni, akajisikiliza moyo, akasinzia, akashangaa kuamka. Kilichomwamsha ulikuwa mlango. Mlango wa chumba chao haukuwahi kufunguka zaidi ya nusu, uligonga kona ya kitanda, na maisha yao yote mle ndani waliingia kiubavu. Mama Mito alibeba ujauzito mara nne akipita kiubavu. Mgeni mnene alihudumiwa ukumbini. Sasa ulikuwa umefunguka mpaka ukagonga ukuta, na mkewe alikuwa amesimama kizingitini na beseni la nguo mikononi, amepanua viwiko.

"Nimepita," alisema. "Nimepita wima na beseni."

Akatoka, akaingia tena. Akatoka, akaingia tena bila sababu.

"Baba watoto, hebu niambie. Mtaa huu wangapi wana zaidi ya chumba kimoja?"

Fundi aliketi. Alitazama kona ya kitanda isiyokuwepo, na upana wa hewa uliobaki kati yake na mlango. Akaona kile ambacho asingekiona kama kitanda kile kingenyooka.

"Upande wa ukutani uende moja kwa moja," alisema polepole. "Uwe umenyooka kabisa. Upande wa mlangoni ndio upungue. Kichwani watu wapate nafasi yao, miguuni, nani ana miguu mipana kama mabega? Na godoro unalikata kwa kisu."

"Shuka nitashona mimi."

"Watasema ni nusu jeneza."

"Waseme. Wakimaliza kusema watahitaji kupita."

*

Cha pili kilipokamilika walikiweka mbele ya banda. Yale masanduku yaliyobaki Fundi aliyapeleka kwa mkokoteni kwa seremala mwenzake wa upande wa hospitali mpya, kwa bei ya mbao tu. Njiani alikuwa na huzuni ya kweli, kama ya mtu anayegawa nguo za ujana wake. Aliporudi, ukuta wa banda ulikuwa mtupu na mwanga ulifika mpaka ndani.

Watu walikuja kuangalia. Walikizunguka kitanda, wakakielewa, wakakisifu kwa mdomo, na hakuna aliyekigusa. Siku zikapita. Mwenye banda akapita pia, akaleta na yule mtu wa vifuniko vya simu, wakapima mahali pa kaunta yao kwa hatua kana kwamba Fundi hayupo.

Ndipo Mama Mito alipoanza kulala. Baada ya chakula cha mchana alivua viatu, akapanda kitandani pale barabarani mbele ya macho ya kila mtu, akaweka mto chini ya kichwa na kusinzia. Tena alisinzia kweli, na alikoroma.

"Shuka, mama watoto, unaniaibisha," Fundi alinong'ona siku ya kwanza.

"Wacha waone naamka," alijibu bila kufungua macho.

Watoto wa shule walisimama kuhesabu mikoromo. Kinyozi aliwaambia wateja wake, "Subirini, ataamka, jana aliamka." Na kila siku alipoamka, alijinyoosha, akapiga mwayo mrefu, akatangaza kwa mtaa, "Nimeamka salama, na mgongo hauumi!" Watu walipiga makofi. Lakini makofi hayakulipa pango, na Fundi, ambaye sasa aliomba waziwazi kila asubuhi, alianza kujiuliza kama maombi yaliyonyooka hufika taratibu zaidi.

Ilibaki siku moja mwezi uishe alipokuja muuza mkaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Hakukizunguka kitanda kama wengine. Alisimama mbele ya Fundi na kumtazama usoni, mpaka Fundi mwenyewe ndiye aliyekwepa.

"Shikamoo, Fundi. Hunikumbuki."

"Marahaba, mama. Sura..." Fundi alisita. Sura hakuwa anazikumbuka, watu humjia wameziinamisha. Alikumbuka vipimo. "Mumeo alikuwa mrefu. Mabega mapana. Ilibidi niongeze ubao."

"Ndiye."

Cherehani ya Mama Mito ilinyamaza.

"Nimesikia watu wanaogopa kulalia vitu vyako," muuza mkaa aliendelea. "Mimi nilikaa hapa siku ile, kwenye lile gogo, nikakuangalia mpaka ukamaliza. Ulipiga msasa nje, sawa. Kisha nikaona unapiga msasa na ndani. Nikakuuliza, fundi, ndani nani ataona? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Fundi alitikisa kichwa. Hakukumbuka.

"Ulisema, si ndimo atakamolala?" Alijifuta mikono kwenye khanga, ingawa weusi haukutoka. "Nataka kitanda. Nimekuja na nusu yake leo, nyingine nitaleta kwa wiki."

Kwa mazoea jicho la Fundi lilianza safari yake kutoka utosini kwenda nyayoni, likafika mabegani likakwama. Huyu alikuwa amesimama, anapumua, anangoja. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumuuliza mlalaji chochote.

"Unalala vipi, mama?" akauliza, na swali lilimtoka kwa woga, kama mtoto anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

"Vipi?"

"Ubavu, chali. Upande gani."

Muuza mkaa alicheka kidogo, kwa aibu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaeleza. Walikuwa watatu, yeye na watoto wawili, chumba kimoja. Mdogo alipiga mateke usiku kucha kama anaendesha baiskeli. Mkubwa alitaka kulala kifudifudi na mkono juu ya mama. Yeye hulala ubavu wa kushoto, ukingoni, mara nyingine anaamka yuko sakafuni.

"Ukingoni kwa nini? Ukutani nani analala?"

"Ukutani halali mtu," alisema. "Ndiko alikokuwa analala yeye. Watoto wanajua, hawasogei huko."

Fundi alishika ubao uliokuwa karibu, akaupapasa. Alikuwa amewahudumia watu wengi wenye uchungu na aliyajua maneno yote ya kuwaambia, na hakuna hata moja lililofaa.

"Nikipima," alisema mwishowe, "niiache nafasi yake?"

Muuza mkaa alikigeukia kitanda kilichokuwa nje, akatazama upande wake wa ukutani ulionyooka. Machozi yalimjaa lakini hayakuanguka.

"Hapana, Fundi," akasema. "Yeye chake ulishamtengenezea, na alikilalia vizuri. Sasa nitengenezee changu."

Mama Mito aliinamia cherehani yake na kujifanya anatafuta uzi. Fundi akatoa penseli sikioni na kufungua futi.

"Haya, mama," akasema. "Na mlango wako, unafungukia upande gani?"